Nilipopanga Muziki wa Kaka

4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nami nimeanza likizo niliyokuwa naiahirisha kila mwaka. Nimehamia kwa kaka na begi moja. Nilimwambia wifi kwamba nitakaa mpaka mvua ziishe, akasema, "Kaa hata zaidi, wifi yangu. Nyumba imekuwa kimya mpaka friji ikiwaka nashtuka."

Kaka yangu ndiye yule ambaye mji mzima unamwita Spika, mpiga muziki wa harusi, mtu ambaye ukimsalimia unapaswa kutafuta kiti kwanza. Tangu alipopata kiharusi mwishoni mwa mwaka jana mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, na maneno yamekatika kabisa. Anatoa "mm" tu. Kichwa nacho hakiaminiki: anaitikia asichotaka na kutikisa anachotaka, na hospitali wanasema hiyo ni kawaida. Kusoma pia kumempotea. Lakini ukimwambia kitu anaelewa, tena mengi.

Nimepewa kazi. Muziki wake wote uko kwenye diski ya nje, nyimbo elfu arobaini na kitu, na hakuna aliyeweza kupata chochote humo isipokuwa yeye. Sasa hata yeye hawezi. Wifi anataka apate njia ya kujichagulia wimbo mwenyewe. "Asiwe mtu wa kuwekewa tu," alisema. "Anawekewa chakula, anawekewa nguo. Muziki nao awekewe? Huo ni wake."

Mimi ni mtu wa masjala. Faili lisilo na mahali pake linanikera kama kokoto kwenye kiatu. Nilijifanya nimechoka na safari, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nawashwa kuanza.

6 Machi

Nimeifungua diski. Mungu wangu. Kuna folda inaitwa "Mpya", nyingine "Mpya kabisa", nyingine "Mpya ya juzi", halafu "Zile" na "Zile nyingine". Nilicheka mpaka machozi. Kaka alikuwa kando yangu, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, nikajisikia vibaya kumcheka mtu asiyeweza kunijibu.

7 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

12 Machi

Nimejaribu programu tatu za kupangia muziki. Ya kwanza inavutia macho, ila kila kitu inataka intaneti, na mvua ikianza tu intaneti ya hapa inakwenda kulala. Wimbo uko mbele yako kwenye diski na bado inakuambia huna. Nimeitoa.

Ya pili ni ya watu wa kazi. Haina maringo. Inatafuta haraka, inapanga kwa mwimbaji, kwa mwaka, kwa kasi ya mdundo, hata kwa maneno uliyoandika mwenyewe. Tena faili lenyewe hailigusi. Inaweka orodha yake pembeni na kuacha kila kitu kilipokuwa. Ningekuwa najichagulia mimi ningeishia hapo. Kasoro yake ni kwamba ni maandishi matupu, mistari juu ya mistari.

Ya tatu inausikiliza wimbo kidogo, inautambua, inauandikia jina sahihi na kuuwekea picha ya jalada la albamu. Skrini nzima inajaa picha kubwa kama za ukutani. Kaka hasomi, lakini majalada anayajua, ameyashika tangu enzi za kanda. Juu ya hayo inatafuta nyimbo zilizojirudia na kukusaidia kuzisafisha. Niliposoma hilo nilikaribia kupiga vigelegele.

15 Machi

Nimemwonyesha kaka ya pili na ya tatu, kila moja kwenye nusu yake ya skrini. Akaweka mkono wa kushoto kwenye ya pili.

"Hiyo huwezi kuisoma, kaka," nikamwambia. "Angalia hii yenye picha."

Akaangalia picha, akapenda, hata kidole akapitisha juu ya jalada moja la zamani. Halafu mkono ukarudi kwenye ya pili.

Wifi alikuwa anakunja nguo. "Si amechagua?" akasema.

"Amezoea tu, inafanana na ile aliyokuwa akitumia kazini. Akishaizoea hii atanishukuru."

Wifi akaendelea kukunja. Ni mwanamke mwema, lakini vitu vyake huwa hovyo hovyo. Chumvi utaikuta kwenye kopo la majani ya chai. Sikuona sababu ya kubishana naye kuhusu mpangilio.

19 Machi

Nyimbo zilizojirudia ni balaa. Wimbo mmoja uko mara kumi na tisa! Mwingine mara ishirini na kitu, wenye jina lile lile na namba mwishoni. Nimesikiliza mwanzo wa nakala nne, tano. Ni wimbo ule ule, ila nyingine sauti yake imefifia, na kuna kelele kidogo za watu nyuma. Programu inaniuliza kama nibakize ile yenye sauti safi na kufuta zilizobaki.

Masjalani tunayo kanuni, na mimi ndiye ninayewafundisha wanaoanza kazi: kitu kimoja, mahali pamoja. Faili likiwa na nakala tano, siku ya siku atatokea mtu ashike ile isiyo sahihi. Nikakubali. Programu ilifanya kazi mchana kutwa huku mvua ikipiga mabati, na mimi nikanywa chai kwa raha zangu zote.

21 Machi

Nimemaliza. Elfu arobaini na kitu zimekuwa elfu kumi na moja, zote kwenye diski mpya niliyoinunua. Kila mwimbaji yuko mahali pake, kila albamu ina jalada lake. Na kwa kuwa sipendi kubahatisha, nimeifuta ile diski ya zamani na kuweka humo nakala ya akiba ya maktaba mpya. Diski hii ikiharibika ile ipo. Ningekuwa kazini ningesifiwa mbele ya wote.

23 Machi

Leo kaka amegusa picha kwa kidole chake mwenyewe na muziki ukalia. Wifi aliziba mdomo kwa kanga, akalia. Mimi nami nililia. Alirudia tena na tena, picha hii, picha ile, kama amerudishiwa funguo za nyumba.

Kuna jambo moja sikulielewa. Wimbo ulipofika katikati, pale mwimbaji anapopumzika na magitaa yanaendelea peke yake, kaka alinyanyua mkono wa kushoto akawa anafumba na kufumbua vidole kwa haraka, huku akinitazama. Nikadhani anataka picha ziwe ndogo. Nikazipunguza. Akapiga meza. Nikazirudisha. Akapiga meza tena, akageuza kiti.

"Amechoka," nikamwambia wifi.

30 Machi

Vidole tena. Nimempa maji. Hakuwa na kiu.

8 Aprili

Tumempeleka kwa mtaalamu wa usemi, mgeni hapa, amehamishiwa hospitali mwezi huu. Ni mwanamke mpole mwenye sauti ndogo. Alimjaribu kaka kwa picha za kikombe na kitanda, hakikutoka kitu. Akamtajia siku za wiki, hakikutoka kitu. Ndipo akatugeukia sisi.

"Mna sauti yake mahali popote? Mahali anapoongea?"

"Kama hotuba?" nikauliza.

"Hapana, dada. Maneno aliyoyazoea. Hasa kama yanakwenda na muziki. Kuna wagonjwa maneno ya kawaida yamewagomea kabisa, lakini ukiwawekea mdundo waliouzoea yanaanza kutoka. Nikipata sauti yake mwenyewe juu ya wimbo, nina pa kuanzia. Siahidi, ila ningeanzia hapo."

Wifi aliinuka kitini. Sijawahi kumwona na uso ule tangu niingie nyumbani kwake. "Hiyo tunayo tele! Kila harusi alikuwa anajirekodi. Akirudi anakata wimbo mmoja mmoja, maneno yake yamo ndani. Wifi yangu huyu amezipanga zote, ni kugusa tu!"

"Zipi?" nikasema.

"Zile zake. Wimbo mmoja una harusi hata ishirini. Si umeziona?"

Nilikuwa nimeziona. Mtaalamu akasema tumletee hata mbili tatu za kuanzia, mimi nikaitikia, "Sawa, tutaleta," kwa sauti ya mtu mwenye vitu vyake mkononi. Njiani wifi alikuwa anaongea peke yake kwa furaha. Kaka alikuwa amekaa kati yetu, anatazama mvua kwenye kioo cha gari.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, sikuvua hata viatu. Nilitafuta kila mahali, kwenye diski zote mbili. Wimbo mmoja, nakala moja, sauti safi. Wimbo mmoja, nakala moja, sauti safi. Kila wimbo aliowahi kupiga harusini alikuwa nao pia wenyewe, wa dukani, kwa hiyo hakuna hata sauti yake moja iliyosalia. Programu haikukosea. Niliiambia ibakize zisizo na kelele, na kelele ilikuwa ni kaka.

Wifi alikuja na kikombe cha chai. Nikamwambia yote, wakati huo huo, kwa sababu nilijua nikingoja hata kidogo nitatafuta uongo.

Hakupiga kelele. Aliweka kikombe. "Mimi nilijua unapanga," akasema. "Sikujua unatupa."

"Nilisikiliza mwanzo, wifi. Mwanzo zote zilikuwa sawa."

"Mwanzoni haongei. Spika hajawahi kumkatiza mwimbaji. Anangoja mpaka mwimbaji apumzike, magitaa yanabaki, ndipo anaingia. Akimaliza mwimbaji anarudi, wala hawagongani. Watu walikuwa wanamwita yeye kwa sababu hiyo." Akanitazama. "Wewe hukuwahi kukaa mpaka katikati ya wimbo?"

Kaka alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mzima, amesikia kila kitu. Alininyanyulia ule mkono, akafumba na kufumbua vidole. Sasa niliuona. Ulikuwa ni mdomo. Wiki mbili nzima alikuwa akiniuliza, "Mdomo wangu uko wapi?" na mimi nampa maji.

Niliomba msamaha mpaka nikaishiwa maneno. Natamani angenitukana. Tangu utotoni kaka alikuwa na matusi yake maalumu kwa ajili yangu, matamu, ya kuvunja mbavu, na leo ndiyo siku niliyoyastahili yote. Aliburuta mguu akaenda kulala.

10 Aprili

Nimempelekea fundi wa kompyuta ile diski ya zamani. Aliichomeka, akatazama, akakuna kichwa. "Ungeniletea ilipofutwa tu, ningepata kitu. Lakini umeandika vitu vingine juu yake. Nani alikushauri?"

"Nilijishauri mwenyewe. Nilikuwa naweka akiba."

Akacheka, akidhani ninatania. Alichookoa ni vipande vya sekunde chache, mikwaruzo mitupu.

13 Aprili

Mvua. Sikutoka chumbani.

14 Aprili

Wifi ameniita chakulani kama kawaida. Sijui ningefanya nini kama asingeniita.

20 Aprili

Ninazunguka kwa wateja wake. Hizi wiki za mvua hazina harusi, kwa hiyo watu wako nyumbani. Ninapiga hodi, natota mlangoni, nauliza kama wana video ya siku ile, yenye sauti ya Spika. Wengi wana picha za keki. Kila mmoja ananisimulia alivyowachekesha, halafu ananiuliza, "Lakini si alikuwa anarekodi zote mwenyewe?" Naitikia tu.

Leo fundi cherehani wa mtaa wa nyuma amepata yake kwenye simu ya zamani. Anasikika kwa mbali, chini ya kelele za watu na vijiko: "Wenye viatu vya kuazima, rudini mezani! Wenye vyao, tukutane katikati!" Fundi cherehani aliangua kicheko, kisha akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Mimi siku ile vilikuwa vya kuazima," akasema. "Nilibaki katikati nikafa na aibu yangu."

21 Aprili

Tumemwekea kaka ile video. Alisikiliza mara moja tu. Alipojisikia anaongea, uso wake ulibadilika, akanyoosha mkono akazima mwenyewe. Hakutaka tena. Nikasema labda sauti ni ndogo mno, nitafute nyingine.

"Acha, wifi," wifi akasema taratibu. "Umemletea mtu aliyekufa amtazame."

Mtaalamu naye ameisikiliza. Anasema haifai, kelele zimemeza mdundo. Akashauri tutumie wimbo safi, mmoja wetu aseme maneno ya kaka pale pale alipokuwa akiyasema, labda atavutika.

27 Aprili

Nimekuwa nikimdharau wifi, bora niandike ukweli. Kumbe anayajua yote. Miaka yote ile alikuwa nyuma ya spika, anashika nyaya, anapanga maikrofoni, na kila neno la mumewe limo kichwani mwake, la wimbo gani, baada ya ubeti gani, na siku gani aliliongezea utani. Anasonga ugali huku ananitajia, nami naandika. "Shangazi wa bwana harusi, kiti hakichezi, simama wewe!" Hilo ni la ule wimbo wa kinanda. Chumvi bado iko kwenye kopo la majani ya chai, na sasa najua kwamba yeye hupata kila kitu alichokiweka.

Nilimwomba aseme yeye. Amekataa. "Nikiyasema mimi nitalia, atadhani anazikwa. Sema wewe uliyeyafuta."

Alisema bila hasira. Ndiyo maana limeniuma hivi.

29 Aprili

Nimejaribu. Sauti yangu ni ya kusomea kumbukumbu za mkutano. Kaka alitazama dirisha.

2 Mei

Hivyo hivyo.

5 Mei

Bado. Umeme ulikatika katikati ya shangazi.

9 Mei

Mvua imepungua. Tumeweka ule wimbo wa viatu. Kaka aligusa jalada mwenyewe, akakaa. Mwimbaji akaimba beti zake mbili, akapumzika, magitaa yakabaki. Mimi nikachelewa kuingia, nikaona nimechelewa, nikayakimbiza maneno, mwimbaji akarudi na kunikuta bado niko mezani na viatu vya watu. Nikamkatiza. Kitu ambacho kaka hajawahi kumfanyia mwimbaji yeyote.

"Hapana!"

Nilidhani ni wifi. Wifi alikuwa jikoni. Nikageuka, nikamwona kaka ameshika ukingo wa meza, mishipa ya shingo imesimama, naye amekasirika kweli kweli.

"Hapana," akasema tena, neno zima, herufi zote zimo, ile sauti yake ya puani niliyokuwa nimeisahau.

Wifi alitoka mbio na mikono imejaa povu. "Nani amesema? Nani amesema?" Kaka akamtazama. "Hapana," akamwambia. Wifi akamkumbatia na povu lake, wakanuka sabuni wote wawili. Mimi nilikaa chini sakafuni.

11 Mei

Ile "hapana" anaitumia kwa kila kitu. Chai? Hapana, na huku anapokea kikombe. Tuzime taa? Hapana, na anazima mwenyewe. Tumecheka sana. Nilimpigia mtaalamu, akafurahi, kisha akanitahadharisha kwamba neno la kwanza mara nyingi hukwama hivyo, likawa ndilo jibu la kila swali, kwa miezi, wakati mwingine kwa zaidi ya miezi. Nikamuuliza kama tungekuwa na zile sauti zake tangu mwanzo, je, tungekuwa mbele zaidi? Akasema hakuna anayeweza kujua. Aliniambia hivyo kwa wema, nami nimebaki nalo tangu mchana.

14 Mei

Mazoezi. Nimeingia kwa wakati wake mara moja tu katika nyimbo tano. Ananisahihisha vizuri sana.

18 Mei

Hakuna mvua kwa wiki nzima. Watu wameanza kupita kuulizia harusi, wifi anawaambia wasubiri.

19 Mei

Kesho narudi kazini. Nimeiweka ile programu ya pili kwenye kompyuta yake, ile aliyoichagua yeye, kando ya ile yenye picha. Nikamuuliza aanze na ipi. "Hapana." Hii? "Hapana." Basi nimeziacha zote mbili, na safari hii sijamsaidia kuamua.

Wifi alikwenda sokoni, tukabaki wawili. Nilivuta kiti mbele yake nikakaa, nikamshika ule mkono uliolala kwa sababu hauwezi kuniponyoka.

"Kaka," nikasema, "umenisamehe?"

Akanitazama muda mrefu, macho yake yako pale pale, ya yule yule aliyenibeba mgongoni kuvuka madimbwi.

"Hapana," akasema.

Nikafikiri, nikaligeuza swali ili nimpe njia. "Bado una hasira na mimi?"

"Hapana."

Nikangoja kama atatikisa kichwa au ataitikia, au atanibinya kwa mkono mzima, kitu chochote cha kunionyesha lipi kati ya hayo alilikusudia. Alinitazama tu, naye kama mtu anayengoja, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa amesikia jinsi jibu lilivyotoka.